Kati Yetu Wawili, Nani Alilia Kwanza

Wiki nzima niliamka asubuhi na kumpa shikamoo binti aliyekuwa akinipa mimi shikamoo tangu tulipojifunza kusema. Kila nikikumbuka sura yake alivyokuwa anaitikia, damu inanichemka upya. Alikuwa hainui hata macho. Anaitikia marahaba huku anachezea simu, kisha ananiuliza kama nimeshaosha vyombo.

Binti mwenyewe ni mtoto wa baba mdogo. Tulizaliwa siku moja, alfajiri moja, mimi Tunduma na yeye Nakonde, ng'ambo ya mpaka, ambako baba mdogo alikuwa na duka la vipuri vya baiskeli. Kwa mguu unatoka hapa unafika pale kabla hujamaliza kulalamika, lakini ni nchi mbili. Baadaye baba mdogo alifunga duka akarudi upande wetu, tukalelewa nyumba moja, kitanda kimoja, blanketi moja tulilolivuta huku na huku mpaka likachanika katikati. Katika yote hayo mimi ndiye niliyekuwa mkubwa. Nyama ikigawiwa nachagua kwanza. Maji yakiisha anachota yeye. Hakuna aliyewahi kuniomba ushahidi, na angeniomba ningemshangaa.

Sasa kazi yangu mimi ni kufundisha mbinu za utafiti katika chuo kimoja cha mkoani kwetu Songwe, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kugombana na wanafunzi kuhusu vyanzo vya habari. Mmoja aliandika historia nzima ya kahawa ya Mbozi, na alipofika kwenye chanzo akaandika: mzee mmoja stendi. Mwingine hakujisumbua hata na huyo mzee. Aliandika tu: inajulikana. Hapo niliwaka. Nilisimama mbele ya darasa nikawaambia kwamba kwangu hakuna kinachojulikana. Kuna kilichosemwa, kuna aliyekisema, kuna alivyokijua, na kuna anachofaidika kwa kukisema. Nikayaandika yote ubaoni kwa hasira mpaka chaki ikakatika. Jioni nikarudi nyumbani, nikapewa shikamoo ya mkubwa, nikaitikia vizuri tu, nikaenda kula.

Balaa lilianza na posa. Ndugu yangu huyo alipata mchumba, mwalimu wa shule ya msingi huko Chitete, kijana mpole anayecheka kabla hajamaliza alichotaka kusema. Kwa ile barabara ya Chitete alikuwa anafika kwetu na pikipiki yake akiwa mwekundu kwa vumbi kuanzia nyusi, na ndugu yangu anampokea kwa beseni la maji kama vile amepokea mgeni wa serikali. Alimpenda yule mwalimu. Alimpenda mpaka akaacha kukoroma, au pengine alikuwa halali tu.

Kwetu mambo ya kuoza hayaamuliwi Tunduma. Yanaamuliwa Itaka, kwa bibi mzaa baba, katikati ya kahawa yake. Washenga wakaenda huko. Bibi aliwakaribisha, akawalisha wakashiba, halafu akawauliza kama yule mkubwa wa huyo binti ameshaolewa. Wakasema hawana habari za mkubwa, wametumwa kwa huyu tu. Basi bibi akawaaga kwa heshima zote na kuwafungia mkungu wa ndizi.

Ni sheria ya bibi, na sijui nyumba nyingine yenye sheria kali namna hiyo: mjukuu wa kike haolewi kabla ya aliyemtangulia. Na kumtangulia kwake si habari ya baba wa nani ni kaka na baba wa nani ni mdogo. Bibi anahesabu pumzi. Aliyelia kwanza duniani ndiye mkubwa, basi. Najua kwingine jambo hili lina mlango wa uani: mdogo anampa mkubwa mbuzi, wanaita kumruka, watu wanapiga vigelegele na maisha yanaendelea. Baba alijaribu kumtajia bibi habari ya kumruka. Bibi aliinuka bila neno akatoka nje, akabaki huko mpaka baba alipochoka kungoja akaondoka.

Na mkubwa mwenyewe ndiye mimi, ambaye sikuwa na mchumba, sikuwa na dalili ya mchumba, wala sikuwa na haraka. Mwanaume wa mwisho kunifuata alitaka nimsaidie kuandika pendekezo la utafiti.

Washenga wakaleta ujumbe. Watakuja Itaka mara moja tena, Jumamosi ya wiki iliyofuata, na wakirudishwa tena hawataona uso wa kurudi. Ndugu yangu alijua maana yake, kwa sababu baba wa yule mwalimu alikuwa ameshamwekea jicho binti wa jirani yake ambaye hakuwa na dada wala bibi mwenye sheria. Alikuja akakaa ukingoni mwa kitanda changu, maana chumba chetu ni kimoja, akalia kwa namna ambayo sikuwahi kumsikia akilia. Akafuta kamasi kwa taulo langu. Halafu akaniambia, "Wewe si ndiye mtafiti? Hebu tafiti basi kama kweli wewe ni mkubwa."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Ndipo nikaona kwamba anasema kweli, na kwamba ananiomba nikajitoe mwenyewe kwenye cheo changu kwa mikono yangu. Roho iliniuma kidogo, sitadanganya. Lakini nampenda yule mtoto, ananiudhi kuliko mtu yeyote duniani na nampenda. Nikamwambia sawa, nitafanya, ila nitafanya kama ninavyofundisha, na litakalotoka ndilo hilo hilo. Akakubali haraka sana, kama mtu asiyesoma anachotia saini.

Nilianza na baba, kwa sababu alikuwa karibu. Baba ni chanzo ambacho mwanafunzi mvivu angekipenda mpaka kufa: anapatikana muda wote, anaongea bila kuombwa, na neno sijui halijawahi kutoka mdomoni mwake. Ila ana ugonjwa mmoja, anapenda kila mtu aondoke amefurahi. Nilimuuliza nilizaliwa wakati gani. Akasema alfajiri. Nikamuuliza alfajiri ipi, ya giza au ya mwanga, naye akaniangalia kwa huruma akauliza, "Kwani wewe unataka ipi?" Nikasema sitaki yoyote, nataka ya kweli. Akasema kulikuwa na giza. Kisha akaona uso wangu haujabadilika, akaongeza kwamba hata mwanga ulikuwepo. Baadaye ndugu yangu alimvizia jikoni akamuuliza kama huenda mimi nilizaliwa mchana kabisa, na baba akakubali kwamba sasa anavyofikiri vizuri, jua lilikuwa kali sana siku ile.

Nikamfuta baba. Na bibi nilimfuta bila hata kumuuliza: hakuwepo, hakuwa na saa, na shauri lenyewe ni la kwake. Alikuwa anapima muda kwa jogoo, na jogoo mwenyewe aliliwa zamani.

Mama alikuwepo. Hakuna aliyekuwa karibu na tukio kumshinda. Yeye hakusita, alisema saa kumi na moja kamili. Alijuaje? Mbele ya kitanda chake, ukutani, kulikuwa na saa ya wodi, na alikuwa ameikodolea macho tangu uchungu ulipomkolea kwa sababu hakukuwa na kingine cha kuangalia. Nilipotoka tu, akaiangalia tena. Akaongeza kwamba nilikuwa na kichwa kikubwa kupita kiasi na manesi waliitana kuja kukiona, jambo ambalo halikuwa katika maswali yangu.

Mama mdogo naye alikuwa na jibu lake tayari, saa kumi na nusu. Alijuaje? Nesi alitamka muda kwa Kiingereza, kwa sauti, mtoto alipotoka, na mama mdogo akaushika kichwani kwa sababu baba mdogo alikuwa ametokomea anakojua mwenyewe na lazima mtu fulani akumbuke. Sasa nikajiuliza anafaidika nini. Jamani, huyu anataka binti yake aolewe, angeweza kusema hata saa sita ya usiku uliotangulia. Ila hapo nilijipongeza kimoyomoyo, maana nilikumbuka kwamba mama mdogo husema saa kumi na nusu kila mwaka siku yetu ya kuzaliwa inapofika, akiwa anakaanga maandazi, tangu sisi wadogo, wakati huyo mwalimu wa Chitete hatujui hata kama amezaliwa. Neno lilikuwepo kabla ya faida. Ukilipata neno la namna hiyo, unalishika.

Basi hesabu haikuhitaji chuo. Yeye saa kumi na nusu, mimi saa kumi na moja. Alinitangulia kwa nusu saa.

Nilipomwambia alikimbia koridoni kwenda na kurudi, akanikumbatia, akanibusu kipaji cha uso, na kabla mate yake hayajakauka akaniambia kwamba kesho asubuhi anatarajia heshima yake. Nikadhani utani. Asubuhi nimeamka, nimempita kimya, nikamsikia anakohoa. Nikarudi. Nikasema shikamoo.

Wiki ile we acha tu. Alinituma maji. Alinituma vocha. Nilipiga pasi nguo zake. Nyama ilipogawiwa alichagua kwanza, na hakuchagua paja, alichagua kile kipande changu nilichokipenda, akakila polepole akiniangalia. Nilipolalamika akaniambia kwamba nikikua nitaelewa. Baba, ambaye hakuna aliyemuuliza, alitangaza mezani kwamba yeye siku zote moyo wake ulimwambia hivyo. Nilivumilia. Nilikuwa najiambia kwamba nimefanya kazi safi, kwamba Jumamosi nitasimama Itaka mbele ya bibi na kuweka wazi ushahidi, na yule mwalimu atapata mke, na mimi nitapata mbingu.

Siku mbili kabla ya Jumamosi, mkubwa wangu mpya alinituma Nakonde kununua vitenge vya sare kwa kina mama. Niliondoka nyumbani saa mbili na nusu asubuhi, nikapita katikati ya malori, nikavuka, nikafika kwenye duka la mama mmoja tunayenunua kwake siku zote. Limefungwa. Ni saa tatu, watu wamekunywa chai na kusahau, na yeye duka limefungwa. Nikasimama pale hasira inapanda. Hatimaye akaja, anatembea kama mtu aliyeenda kutazama maua, akanisalimia mulishani kwa tabasamu lote. Mimi nikamwangushia mzigo: biashara gani hii, mtu anafungua saa tatu, wateja wakalale hapa? Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua mlango, akanionyesha kwa kidole saa yake ya ukutani. Saa mbili kamili.

Nikatoa simu yangu. Ilikuwa imeshashika mtandao wa kwao. Saa mbili kamili.

Sasa hebu nieleweke. Hili si jambo nililogundua mimi. Ng'ambo wako nyuma yetu kwa saa nzima, na hakuna mtoto wa Tunduma asiyejua. Tunasema saa tatu ya kwetu, saa mbili ya kwao, kama unavyosema mlango wa mbele na mlango wa nyuma. Tumeishi hivyo mpaka hatulifikirii tena, kama usivyofikiria kwamba una kisigino. Na ndiyo maana mimi, mwalimu wa vyanzo, mkali wa ubaoni, nilikuwa nimechukua saa kumi na nusu ya Nakonde nikaiweka sahani moja na saa kumi na moja ya Tunduma, nikala.

Saa kumi na nusu ya kwao. Kwetu ni saa kumi na moja na nusu.

Nilikaa juu ya bunda la vitenge. Kipande kimoja cha moyo wangu kilifurahi, nakiri, na nadhani nilitamka marahaba kwa sauti, kwa sababu yule mama aliniuliza kama nimekula. Kisha moyo uliobaki ukaikumbuka Jumamosi, na furaha yote ikaniishia miguuni.

Nilirudi nyumbani nikiitafutia hesabu ile kasoro. Nilitaka nishindwe. Nilifikiria labda saa ile ya wodi ya Tunduma ilikuwa inafuata muda wa ng'ambo, maana kuna maduka ya kwetu yanafanya hivyo kwa ajili ya wateja wao. Kama ni hivyo, yeye bado ni mkubwa, na mimi naendelea kupiga pasi kwa furaha. Ila saa ile nani ataniapia? Nilihitaji shahidi ambaye hana saa kabisa, si ya kwetu wala ya kwao.

Mama ndiye aliyenipa, bila kujua kama anatoa kitu. Alikuwa anarudia habari ya kichwa changu, akasema kwamba nilikuwa ndiyo kwanza nafutwafutwa, manesi bado wanakishangaa, adhana ya alfajiri ikaanza pale msikitini karibu na mpaka. Nikamwambia arudie. Akarudia. Nilikuwa nimeshatoka, nimeshalia, ndipo adhana ikaanza.

Kwetu ni watu wa kanisa, lakini hapa Tunduma adhana ile inamwamsha kila mtu bila kumuuliza dini. Haifuati saa ya Dodoma wala ya Lusaka, inafuata mbingu. Na kile kipaza sauti hakijawahi kuonyesha pasipoti. Inasikika Nakonde vilevile inavyosikika kwetu, kwa wakati mmoja.

Nilimwendea mama mdogo. Alikuwa anachambua maharage. Nikajikausha, nikauliza kwa sauti ya kawaida, bila kumwekea neno mdomoni, kama siku ile ya kujifungua anakumbuka kusikia adhana. Moyoni namwomba Mungu aseme alikuwa ameshamshika mtoto mkononi. Mama mdogo akacheka mpaka maharage yakamwagika. Asikumbuke vipi? Alikuwa katikati ya kusukuma, anahesabu pumzi kama alivyoelekezwa na nesi, na yule mwadhini akaanza, na yeye, mwanakwaya kabisa, alimwomba Mungu amnyamazishe kidogo kwa sababu anamchanganyia hesabu. Adhana ikaisha na mtoto bado. Alikuja baadaye kidogo. Akasema hivyo akaendelea kuchambua maharage, hajui kwamba ameizika harusi ya binti yake.

Nilimrudia hata baba. Ndiyo, mimi, niliyemfuta. Nikamuuliza kama anakumbuka adhana, naye akaikumbuka kabla yetu, katikati yetu, na baada yetu, na akaniambia nichague itakayonifaa. Siku hiyo nilielewa kwa nini vyanzo vya namna ya baba vinapendwa.

Ijumaa jioni nilimweleza ndugu yangu. Alikuwa ameshasukwa nywele kwa ajili ya kesho. Nilijiandaa kwa vita, nikamwambia yote, saa ya kwao, saa ya kwetu, adhana. Aliniuliza kama nina uhakika. Nikasema nimewauliza mama zetu kila mmoja peke yake, na yamekutana. Kisha akasema kwamba niseme au nisiseme, yeye hataniomba. Akaichukua pasi, akaivuta blauzi yangu ya kesho kutoka kwenye kiti, akaanza kuinyoosha. Ningetamani angenitukana.

Ningeweza kunyamaza. Hakuna aliyejua ila sisi wawili. Lakini nilijua pia kwamba harusini kutakuwa na watu wa Tunduma watupu, na mmoja wao, akiwa na soda mkononi, atasikia habari ya saa kumi na nusu ya Nakonde na kucheka, na habari itafika Itaka kabla soda haijaisha. Bibi akikasirika kwa kukataliwa anapoa. Bibi akikasirika kwa kudanganywa, mama yangu bado analipia neno dogo la uongo alilosema akiwa bi harusi. Na zaidi ya hayo, mimi siwezi. Mdomo wangu haujui njia hiyo. Nimewafelisha watoto wa watu kwa makosa madogo kuliko hayo.

Jumamosi asubuhi tukawa Itaka, sebuleni kwa bibi, vitambaa vya kufuma kwenye kila kiti. Wageni walitarajiwa mchana, wali ulikuwa jikoni. Bibi alikaa kwenye kiti chake, wazazi wetu wanne kwenye makochi, ndugu yangu chini kwenye mkeka. Mimi nikasimama kama darasani. Nilieleza chanzo kimoja kimoja, nani alisema, alijuaje, anafaidika nini. Nikaeleza nchi mbili na saa zake, kisha adhana moja. Baba alikuwa anatikisa kichwa kukubali kila hoja, hata zile zinazopingana. Mama mdogo alianza kuelewa katikati ya habari ya adhana, akaziba mdomo wake kwa mkono. Nikamaliza kwa kusema kwamba kwa ushahidi uliopo, mkubwa ni mimi.

Baba mdogo alivua kofia, akaiangalia ndani, akaivaa tena. Ndugu yangu alikuwa anachomoa nyuzi za mkeka, mmoja mmoja.

Bibi akaniuliza kama nimetoka Tunduma mpaka Itaka kuja kumwambia hilo. Yeye hajawahi kuwa na wasiwasi. Nikamuuliza alijuaje. Akasema habari za kuzaliwa kwangu ndizo zilizomfikia kwanza. Nilifungua mdomo kumweleza kwamba huo si ushahidi hata kidogo, kwamba habari kufika kwanza na mtoto kufika kwanza ni mambo mawili tofauti, lakini aliinua mkono, na bibi akiinua mkono hata kuku wa uani wanasimama.

Akaanza kusimulia kitu ambacho hata baba yangu, mtoto wake wa kumzaa, alikuwa hajawahi kukisikia. Kwamba na yeye alikuwa wa kwanza kwao. Kwamba mdogo wake aliolewa kabla yake, na wazee wakampa yeye mbuzi, wakasema ameshapozwa. Alipika kwenye harusi ile, tangu asubuhi. Wanawake walikuwa wanapita mlango wa jiko wanamwangalia, wanaondoka wananong'ona. Na yule mbuzi alibaki naye pale nyumbani, kila akitoka nje anamkuta, watu wakimwona mbuzi wanakumbuka. Siku moja mbuzi akala khanga yake aliyoianika, ile nzuri. Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anaelezea mvua za mwaka jana. Sisi tulikuwa tunabana midomo, maana hakuna aliyejua kama ruhusa ya kucheka ipo, mpaka yeye mwenyewe akacheka kwa ajili ya ile khanga, ndipo na sisi tukacheka. Baba alicheka mpaka akakohoa.

Bibi aliacha kucheka kabla yetu. Akanigeukia.

"Wewe, akiolewa huyu, itakuuma?"

Nikaanza kujibu. Nikasema jambo hilo linategemea mambo mengi, kwanza inabidi tutazame kwamba mazingira ya siku hizi na ya wakati ule hayalingani.

"Sikuulizi habari za wakati," bibi akasema. "Nakuuliza wewe."

Nilikuwa nimewahoji watu wote wa nyumba ile kuhusu alfajiri moja iliyopita zamani, na kwa swali hili sikuwa nimejiandaa hata chembe. Nilimtazama ndugu yangu, nywele zake mpya, kidole chake kwenye uzi wa mkeka. Nikasema itaniuma kidogo. Nikasema itaniuma hasa usiku, kwa sababu sijawahi kulala peke yangu chumbani. Na watu watasema, najua watasema. Lakini nataka aolewe na yule mwalimu wake, bibi, nataka kabisa. Halafu nikalia, mbele ya wote, kitu ambacho kiliniudhi sana, na baba akaona asiniache peke yangu, akalia pia.

Ndugu yangu alisogea mkekani akanishika mguu, akauegemeza uso wake pale.

Bibi akasema basi, wageni wakija wapokelewe. Baba mdogo, ambaye hajawahi kujua wakati wa kukaa kimya, akamuuliza na ile sheria itakuwaje. Bibi alikuwa ameshasimama, anashikilia goti, anaelekea jikoni kwenye wali wake. Alisimama mlangoni bila kugeuka.

"Mimi wakati ule hakuna aliyeniuliza," akasema.